Buibui wa Mahameli: Jenasi Moja, Njia Mbili za Kuishi

Wakati wa kiangazi, majani ya migunga yanapopukutika, mtu apitaye katika mbuga zilizo baina ya Kahama na Shinyanga huona waziwazi mambo mengi yaliyokuwa yamefichika tangu masika: viota vya ndege, mizinga ya nyuki, mahema ya viwavi. Katika nyika za migunga za namna hiyo, tangu Uhabeshi hadi Afrika ya Kusini, kiko kitu kingine ambacho wapitao wengi hukidhania kuwa ni takataka iliyonaswa mwibani. Ni donge la hariri iliyochakaa, lenye ukubwa wa ngumi na pengine kupita ngumi, lililoshikamana na majani makavu, mabawa ya mbawakawa na magamba ya panzi. Ndani ya donge hilo mna vijia vingi, na katika vijia hivyo hukaa buibui makumi, au mamia, wote wa spishi moja.

Jambo hilo ni la ajabu kwa sababu buibui kwa desturi ni mnyama wa upweke. Dunia ina spishi za buibui zaidi ya 50,000 zilizokwisha kupewa majina, na karibu zote huishi kila mmoja kivyake. Wawili wakikutana, mara nyingi mmoja huwa chakula cha mwenzake. Spishi ambazo wakubwa wake hukaa pamoja maisha yao yote, wakawinda pamoja na kulea pamoja, hazifiki hata hamsini. Tatu miongoni mwa hizo zimo katika jenasi moja iitwayo Stegodyphus, na jenasi hiyo hiyo ina spishi nyingine zishikazo upweke wa kale. Kwa hiyo mwalimu wa biolojia hupata hapa mfano adimu: ndugu wa karibu, wenye umbo moja na hariri moja, waliofuata njia mbili tofauti. Swali la somo hili ni hili: wale waliochagua kuishi pamoja walipata nini, na walilipa nini?

JAMAA YA BUIBUI WA MAHAMELI

Jenasi Stegodyphus imo katika familia iitwayo Eresidae. Buibui wa familia hii huitwa wa mahameli kwa sababu miili yao imefunikwa na vinyweleo vifupi vilivyosongamana, hata mnyama huonekana kama amevikwa kitambaa cha mahameli, ama cheusi, ama cha kijivu, ama cha rangi ya udongo. Miguu yao ni mifupi na minene. Kichwa ni kipana chenye umbo la pembe nne, kimeinuka mbele. Macho ni manane: manne yamekusanyika katikati ya uso, na manne yaliyobaki yametengana mbali pembeni, mawili mbele na mawili nyuma. Mpangilio huo wa macho ndio alama iliyo nyepesi kwa mwanafunzi mwenye kioo cha kukuzia.

Si wote wa familia hii wakaao mitini. Wale wa jenasi Dresserus, ambao hupatikana Afrika ya Mashariki, hufuma mifuko yao chini ya mawe na magogo. Wale wa jenasi Seothyra, wakaao katika mchanga wa Namibia na nchi jirani, hutandaza juu ya shimo lao kifuniko cha hariri kinachofanana na alama ya kwato za mnyama. Stegodyphus ndio waliopanda juu ya vichaka na miti.

Hariri yao ya kunasia ina sifa yake. Utando wa duara uonekanao bustanini wakati wa asubuhi hunasa kwa matone ya gundi. Buibui wa mahameli hawatumii gundi. Chini ya tumbo lao pana bamba dogo lenye vitundu vingi mno, na katika mguu wa nne pana safu ya manyoya magumu ifanyayo kazi ya kitana. Nyuzi nyembamba kupita kiasi zitokazo katika bamba huchanwa kwa kitana hicho zikawa kama sufi. Mdudu akigusa sufi hiyo, manyoya yake na kucha zake hunaswa. Hariri ya namna hii haikaushwi na jua kama gundi, kwa hiyo yafaa sana katika nchi kavu. Lakini kuichana ni kazi ya muda mrefu na hugharimu nguvu nyingi, jambo ambalo msomaji alikumbuke hapo mbele.

MAJINA NA HISTORIA

Jenasi Stegodyphus ilipewa jina na mtaalamu wa Kifaransa Eugène Simon mwaka 1873. Afrika ya Mashariki iliingia mapema katika habari zake. Mwaka 1878 Ferdinand Karsch alieleza huko Ujerumani buibui waliokusanywa na msafiri J. M. Hildebrandt katika nchi zilizohesabiwa kuwa chini ya Zanzibar, na mmoja wao leo huitwa Stegodyphus hildebrandti. Mwaka 1883 Mwitaliano Pietro Pavesi, akichunguza vielelezo vilivyotoka Shoa katika Uhabeshi, alitoa jina Stegodyphus mimosarum, maana yake "wa mimosa", yaani wa miti ya jamii ya migunga. Mwaka 1910 Albert Tullgren alieleza Stegodyphus sabulosus miongoni mwa buibui walioletwa na msafara wa wanasayansi wa Kiswidi, ulioongozwa na Yngve Sjöstedt, ambao ulizuru Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamasai mwaka 1905 na 1906.

Mwaka 1988 Otto na Margarete Kraus wa Ujerumani waliipitia upya jenasi yote, wakaiweka katika spishi zipatazo ishirini. Nyingi zimo Afrika. Nyingine zimo katika nchi za Mediterania, Uarabuni na Bara Hindi. Tatu ndizo zenye maisha ya pamoja: S. mimosarum wa Afrika na Madagascar, S. dumicola wa Afrika ya Kati na ya Kusini, na S. sarasinorum wa Bara Hindi na nchi jirani.

Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2007 ulithibitisha jambo lililokwisha kudhaniwa, kwamba hawa watatu si watoto wa babu mmoja aliyeishi kijamaa. Kila mmoja ana ndugu yake wa karibu zaidi aishiye peke yake. Ndugu wa S. mimosarum ni S. africanus, ndugu wa S. dumicola ni S. tentoriicola; ndugu wa S. sarasinorum ni S. pacificus. Maana yake ni kwamba katika jenasi hii njia ya upweke iliachwa mara tatu, kila mara kwa kujitegemea.

MAMA ALIWAYE NA WANAWE

Ili kufahamu jinsi upweke ulivyoweza kuachwa, yafaa kumtazama kwanza mama wa spishi ya upweke. Aliyechunguzwa zaidi ni S. lineatus wa nchi za Mediterania. Jike hufuma kichakani makao yenye umbo la mfuko, hutaga mayai ndani ya kifuko cha hariri, na hukilinda. Watoto wakitoka, mama huwalisha kwa kucheua chakula cha majimaji. Wakati huo viungo vya ndani vya tumbo lake huanza kuyeyuka polepole, kama ulivyoonyesha uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015. Mwishowe watoto humpanda mwilini na kumla. Hakimbii wala hawapigi. Baada ya kumla, hukaa pamoja kwa muda wa majuma machache katika makao aliyoyaacha, kisha hutawanyika, kila mmoja akatafute kichaka chake.

Basi mbegu ya maisha ya pamoja imo tayari hata kwa mpweke: iko subira ya watoto wasiolana, na iko huduma ya mama. Kinachohitajika ni kwamba watoto wasitawanyike. Wakibaki, wakakua, wakazaana mle mle, donge la mama mmoja huwa mji.

MJI WA HARIRI

Katika mji wa S. mimosarum, mchana wakazi wengi hujificha vijiani. Jua likishuka hutoka, wakatengeneza utando ulioraruka, ambao hutandazwa kutoka dongeni hadi matawi ya jirani. Panzi mkubwa akinaswa, mtikisiko hupita nyuzini na buibui kadhaa hukimbilia mahali hapo. Huyu hushika mguu, yule bawa, na pamoja hummaliza mdudu aliye mkubwa mara nyingi kuliko mmoja wao. Kisha hula pamoja.

Faida hapa ni dhahiri. Kwanza, ile kazi nzito ya kuchana hariri imegawanywa, na kila mmoja hufuma kidogo kuliko afumavyo mpweke. Pili, mawindo makubwa ambayo yangemshinda mmoja hupatikana. Tatu, mtoto hategemei uhai wa mama mmoja tu. Mama akiuawa, majike wengine humlea. Ulezi huo ni wa ajabu. Katika miji hii si majike wote wazaao. Sehemu yao kubwa hawatagi kabisa. Lakini uchunguzi wa S. dumicola uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba hata majike ambao hawajapata kupandwa huwalisha watoto wasio wao kwa kucheua, na mwishowe huliwa nao kama mama mzazi aliwavyo. Kizazi kimoja humalizika takriban kwa mwaka mmoja, na kizazi kipya hurithi donge lile lile.

Madume ni wachache, takriban mmoja kwa kila buibui kumi. Sababu ya kimaumbile yaeleweka. Katika buibui hawa mbegu za dume ni za namna mbili, moja huzaa jike na nyingine huzaa dume. Watafiti waliozihesabu, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018, waliona kwamba kwa S. africanus mpweke namna hizo mbili ni sawasawa, lakini kwa S. mimosarum zile za kuzaa jike ni nyingi zaidi. Mji wenye majike wengi hukua upesi, na dume mmoja aweza kupanda majike kadhaa.

GHARAMA YAKE

Neno ujamaa latufaa hapa kwa maana yake ya asili, yaani udugu wa jamaa. Wakazi wa donge moja ni jamaa kweli kweli: ni ndugu, watoto wa ndugu, na wajukuu wa ndugu. Huoana wao kwa wao, kizazi hata kizazi, kwa maana madume hawaendi mbali kutafuta majike wa mji mwingine. Hapo ndipo gharama ilipo.

Mwanafunzi na afanye hesabu hii. Kila kiumbe hupokea nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Tuseme ndugu wa kwanza wana mahali 100 ambapo nakala hizo mbili ni tofauti. Wakioana kaka na dada katika kila kizazi, mahali penye tofauti hubaki, kwa wastani, kama ifuatavyo:

Mwanzo: 100
Kizazi cha 1: 75
Kizazi cha 2: 63
Kizazi cha 3: 50
Kizazi cha 4: 41
Kizazi cha 5: 33
Kizazi cha 10: 11

Katika mji wenye wazazi wengi upungufu huenda polepole kuliko hesabu hii, lakini huelekea kule kule. Na kwa kuwa kizazi ni mwaka mmoja, vizazi kumi ni miaka kumi tu. Matokeo yameonekana maabara: spishi za maisha ya pamoja zina tofauti chache mno za kijeni zikilinganishwa na ndugu zao wapweke. Hali hiyo iliwasaidia wanasayansi mwaka 2014, walipochapisha orodha ya jeni zote za S. mimosarum, ambaye ni miongoni mwa buibui wa kwanza kabisa kusomwa hivyo. Herufi za orodha hiyo ni kama bilioni 2.5. Kazi ilikuwa nyepesi kwa kuwa nakala ya baba na ya mama zilifanana sana.

Lakini jambo jepesi kwa msomaji wa jeni laweza kuwa zito kwa buibui mwenyewe. Tofauti za kijeni ni akiba. Ugonjwa mpya ukizuka, au hali ya hewa ikibadilika, katika kundi lenye tofauti nyingi hawakosi wachache watakaostahimili. Katika kundi la wanaofanana wote, kinachomwangusha mmoja chaweza kuwaangusha wote. Wataalamu wengi huona kwamba ndiyo sababu spishi hizi tatu ni changa na hazikuzaa matawi mengine: katika muda mrefu, njia hii huelekea kufungwa mbele.

Yampasa mwalimu atahadharishe darasa lisivuke mpaka wa somo. Mnyama hana siasa wala maadili, na binadamu hatachukua amri yake kwa buibui. Kinachofundishwa ni kanuni ya maumbile: kila njia ya kuishi ina faida yake na bei yake, na bei hiyo huenda isidaiwe leo, ikadaiwa vizazi vingi baadaye.

KUPEPERUKA NA KUANZA UPYA

Miji mingi haidumu. Chungu wakigundua donge, waweza kulimaliza lote. Upepo huvunja tawi. Moto wa nyika huteketeza mti. Spishi husalimika kwa sababu miji mipya huanzishwa daima. Wakati mwingine kundi huhamia tawi la jirani kwa kufuata nyuzi. Wakati mwingine jike aliyekwisha kupandwa hupanda kileleni, huinua tumbo, na huachia nyuzi makumi hata mamia zikatanda hewani kama tanga lenye urefu wa karibu mita moja, mpaka upepo wa joto umwinue. Akitua mahali pema huanza mji peke yake, kama mama mpweke wa kale. Akitua pasipo na kichaka, safari yake imekwisha.

Hapo ndipo habari za buibui zinapokutana na habari za Kahama na majirani zake. Katika miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton, na vichaka vingi vilifyekwa ili kumwondoa mdudu huyo aletaye malale na nagana. Kazi hiyo iliokoa watu na ng'ombe, lakini miti ilipungua sana. Baadaye yalifuata mashamba ya pamba, kuni, mkaa na mifugo mingi. Ilipofika mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, ulipoanza, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili majani na miti ipate nafuu, kisha kuifungua wakati wa kiangazi. Mradi huo haukuleta desturi ya kigeni. Uliifufua hiyo ya wenyeji. Ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Hata hivyo shoka halijawekwa chini. Upande wa Kahama na Geita, miti hukatwa kwa ajili ya mkaa, kwa ajili ya kukaushia tumbaku, na kwa ajili ya matimba ya kuegemeza kuta za maduara ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mkataji hahesabu buibui, wala hakuna anayemtarajia ahesabu. Lakini mnyama ambaye kila mji wake ni ukoo mmoja, na ambaye akiba yake ya tofauti haimo ndani ya mji bali baina ya mji na mji, hawezi kulindwa kwa kuachiwa mti mmoja. Huhitaji miti mingi, iliyo karibu kiasi cha kufikiwa kwa upepo. Ngitili zilizo karibu karibu humfaa kuliko pori moja lililobaki peke yake katikati ya mashamba.

Tena hana madhara. Haijulikani kwamba sumu yake ni hatari kwa mtu, na chakula chake ni wadudu, wakiwamo nzi. Mwaka 1959 mtafiti wa Afrika ya Kusini, J. J. Steyn, alichapisha habari za kutumia madonge ya S. mimosarum kupunguza nzi waenezao magonjwa ya tumbo. Wako watu katika Afrika ya Kusini waliokuwa wakiyatundika nyumbani kwa kazi hiyo hiyo.

KAZI YA MWANAFUNZI

Darasa likipata donge mtini, lisilikate wala kulichoma. Utafiti wote ufuatao hufanyika kwa macho, kwa daftari na kwa subira.

1. Andika aina ya mti, urefu wa donge kutoka ardhini, na upande linakoelekea jua. Pima donge kwa rula kila mwezi kwa mwaka mzima.

2. Jioni, kuanzia saa kumi na mbili, hesabu buibui watokao kwa muda wa nusu saa. Weka panzi mmoja utandoni na uandike ni buibui wangapi wanaomfikia, na baada ya dakika ngapi.

3. Kusanya mabaki ya wadudu yaliyoanguka chini ya donge. Yapange kwa makundi: panzi, mbawakawa, nyuki, nzi. Ni kundi lipi lenye wadudu wakubwa kuliko buibui mwenyewe?

4. Tafuta buibui mwingine mtini aishiye peke yake. Linganisha utando wake na wa donge: ni upi unaonasa kwa gundi, na ni upi kwa sufi?

5. Rudia hesabu ya jeni iliyotolewa hapo juu, lakini tuseme jike mgeni kutoka mji mwingine anaingia katika kizazi cha tano na kuzaa na dume wa pale. Je, tofauti za kijeni za watoto wao zitapanda au zitashuka? Eleza kwa nini.

6. Chora ramani ya ngitili au pori la karibu na shule. Tia alama kila mti wenye donge. Je, umbali kati ya donge na donge ni upi? Mti wa katikati ukikatwa, ni miji ipi itakayotengwa?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu jibu lake halimo kitabuni. Limo katika miti ambayo wanafunzi hao huipita kila asubuhi waendapo shule, na ambayo baadhi yao, wakisha kuwa watu wazima, ndio watakaoamua kama ikatwe au ibaki.